Siku Dosye za Kinshasa Zilipoletwa Bunia

Mwaka wa sabini na tisa habari ilifika bironi, ofisi ya serikali mjini Bunia: serikali imeamua kutoa dosye, faili za wafanyakazi wake wa mashariki kule Kinshasa na kuzileta hapa, pamoja na shefu mupya na makarani wanne. Watu walishangilia, hakuna tena kungoja jibu la barua mwaka muzima. Kaswera peke yake, mupiga mashini, aliondoa vidole kwenye mashini ya kuandikia na kuvificha mapajani.

Pale bironi hawakumujua kwa jina la Kaswera. Kwao alikuwa Kavira. Kavira wa kweli alikuwa dada yake, aliyesoma kwa masista wa Butembo, akapata diploma na barua ya kuanza kazi Bunia. Homa ilimuua wiki mbili kabla ya safari. Nyumbani kulikuwa na njaa, na Kaswera alikuwa amejifunza mashini ubavuni mwa dada. Akachukua ile barua, akapanda lori. Lakini baba yao, muzee mwalimu asiyejua uongo, alikuwa amekwisha kuandikia Kinshasa kwamba binti yake amekufa. Miaka minane barua ya baba ililala huko bila kusomwa. Sasa ilikuwa njiani.

Masanduku ya dosye yalipanda mto mpaka Kisangani, kisha lori likayavuta kwenye matope ya Mambasa. Safari ilichukua miezi miwili. Kaswera aliwaza kushuka Kasenyi avuke ziwa mpaka Uganda, lakini kule nako vita ilikuwa inawaka. Alitamani lori lipinduke. Halafu akaogopa moyo wake mwenyewe, kwa sababu lori lilibeba watu.

Shefu mupya alishuka akiwa mwekundu kwa vumbi, uso kama wa mutu aliyefukuzwa kwao. Akamuonyesha Kaswera masanduku.

"Mama, weye njo utazipanga dosye hizi. Herufi K iko mu sanduku ya pili."

Aliipata barua ya baba siku ya tatu. Ilikuwa imefungwa bado. Aliifungua kwa ukucha: *Binti yangu Kavira hayuko tena duniani.* Nje, Paluku, mutumishi wa biro, alikuwa anachoma mbao za masanduku. "Mama Kavira, leta na makaratasi mabovu!" akaita.

Kaswera alitoka na barua mukononi, akasimama karibu na moto mpaka joto likamuuma magoti. Mu serikali yote ya Zaïre, karatasi ile tu ndiyo ilisema dada yake alikufa. Akageuka, akaenda kwa shefu.

"Shefu, miye siko Kavira. Kavira alikufa. Soma."

Shefu alisoma mara mbili, akainuka, akafunga mulango kwa ufunguo. Kaswera alijua sasa wanaitwa askari.

"Juu ya nini unaniletea hii? Moto iko pale inje, niliiona."

"Ni maandishi ya mukono wa baba yangu. Sikuweza."

Shefu akaikunja barua. "Nitaandika Kinshasa. Weye kaa nyumbani. Usikimbie. Ukikimbia, ni miye watafunga."

Wiki sita alikaa ndani. Kila gari ya askari iliyopita ilimukimbiza jikoni, akajikunyata nyuma ya mapipa. Halafu wakamuita bironi, jibu la Kinshasa limefika. Kavira amefutwa, amehesabiwa marehemu. Miaka minane ya kazi imepotea. Kaswera anaweza kufanya mutihani kama mutu mupya.

Aliufanya. Vidole viligonga herufi mbaya, lakini alipita, kwa shida. Akaanza tena chini kabisa, chini ya Honorine, musichana ambaye Kaswera mwenyewe ndiye alimufundisha kazi.

Mwisho wa mwezi walimuwekea kitabu cha mushahara atie saini. Aliandika herufi tatu, *Kav*, akashituka, akakata, akaandika *Kaswera*. Paluku aliona, akajifanya anaangalia dirishani.