Mtoro wa Dawa

Verna Dobesh alikuwa na miaka arobaini na tisa, na kwa miaka sita hakuwa amekaa mji mmoja kupita majira mawili. Kazi yake ilikuwa uuguzi wa mkataba. Hospitali ikipungukiwa na watu, wakala humpigia simu, naye hupakia sufuria zake mbili na mto wake garini, huvuka majimbo, hufanya kazi wiki kumi na tatu, kisha huondoka. Fani yake ni wodi za waliopandikizwa viungo. Kwao Nebraska aliuguza watu wa maini kwa miaka kumi na moja, mpaka mama yake alipofariki na nyumba ikauzwa. Baada ya hapo hakuona kwa nini alale mahali pamoja.

Masika hayo alikuwa katika mji mmoja kando ya mto Ohio. Wenyeji wa wodi walimwita Msafiri, hata waliokwisha kulijua jina lake. Wagonjwa waliowachosha walimpa yeye. Ndivyo ilivyo kila mahali, na alikwisha kuacha kulalamika. Wiki ya kumi na moja wakampa chumba cha tisa.

Kabla hajamwona mgonjwa, aliambiwa sifa zake. Muuguzi aliyemkabidhi zamu alisema huyo ni Marlon Tidwell, mwoka mikate wa kiwandani, miaka thelathini na minane, na figo alilopewa na dada yake miaka miwili iliyopita limekufa.

"Mtoro wa dawa huyo," akasema. "Humeza siku ya kupimwa tu. Usimwonee huruma, Msafiri, atakumaliza."

Neno hilo lilikuwa limeandikwa hata kwenye jalada. Alhamisi kamati ingekaa kuamua kama Marlon arudishwe kwenye orodha ya kusubiri figo jingine, na mtu mwenye neno hilo jina lake halirudi. Angeishi kwa mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki, hadi mwili ukatae.

Verna alimkuta mtu mkubwa, mpole, asiyezungumza. Alimfunga mkanda wa presha, akampa dawa zake saa tatu kama wengine wote, na siku nzima hakusikia kwake zaidi ya ahsante nesi. Dada mtu, Odessa, hakuwa amekanyaga pale tangu kaka yake alazwe.

Saa kumi alasiri kengele ya simu ya Marlon ikalia mezani. Akainyamazisha haraka, kama mtu aliyefumaniwa.

"Ya nini hiyo?" Verna akauliza.

"Ya dawa, nesi. Nimesahau kuizima. Miaka miwili, haijawahi kunipita."

"Na ile dozi nyingine?"

"Saa kumi alfajiri, nikitoka zamu. Waliniambia kila baada ya saa kumi na mbili, basi mimi nikaweka hivyo. Sijakosa hata siku moja. Nimeshawaambia hadi nimechoka."

Verna akahesabu saa hizo kwa vidole.

Dawa ya kulinda figo hupimwa inapokuwa chini kabisa mwilini, muda mfupi kabla ya dozi inayofuata. Ukipima saa chache baada ya mtu kumeza, unapima kilele cha mlima ukidhani ni bonde. Hilo analijua hata mwanafunzi. Wakati wa chakula cha mchana kesho yake aliacha mkate wake wa siagi ya karanga bila kuugusa, akasoma jalada la Marlon tangu ukurasa wa kwanza. Kila kipimo kilichukuliwa saa moja asubuhi, saa tatu baada ya yule mtu kumeza. Kila kipimo kilikuwa juu. Na kila kilipokuwa juu, daktari wake, Dk. Feldsott, alipunguza dozi. Mara nne, hadi ikawa haitoshi kulinda figo. Siku Marlon alipoletwa amevimba uso, miezi mitano iliyopita, ilikuwa alasiri kabla ya dozi, na damu yake ilionyesha dawa karibu haimo kabisa. Juu siku za miadi, chini siku asiyotarajiwa. Wakahitimisha kwamba wamemshika mwongo.

Hasira ilimpanda taratibu. Figo zima la mwanamke mzima limetupwa kwa sababu watu wenye shahada walishindwa kuuliza swali la maneno matatu: unameza saa ngapi?

Akaenda kwa Trudy Haverkamp, mratibu wa upandikizaji. Trudy hakuwa mtu mbaya. Miaka ishirini na miwili kwenye kiti kile, na kila Ijumaa alileta keki ya mdalasini. Akasikiliza hadi mwisho.

"Tulimwambia aje kabla ya dozi ya asubuhi," akasema. "Ipo kwenye karatasi aliyotia sahihi."

"Hana dozi ya asubuhi, Trudy. Anafanya kazi usiku."

"Angesema, basi."

"Nani alimuuliza?"

Trudy akapanga kalamu zake. "Verna, mpenzi, wewe wiki mbili zijazo umeshaondoka. Sisi ndio tutabaki hapa na Dk. Feldsott. Na tulikuwa tunafikiria kukuongezea mkataba, ujue. Usiharibu."

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenyeji hawa hawakuwa na haja ya kupona. Verna akarudi kwenye kompyuta, akaandika saa zote na dozi zote ndani ya jalada, chini ya jina lake kamili, mahali ambapo hakuna awezaye kufuta. Kisha akaenda chumba cha tisa, akavuta kiti, akamweleza mwenye mwili yaliyoupata mwili wake.

Marlon hakupiga kelele.

"Kwa hiyo nilikuwa nasema kweli," akasema. "Ujue nilifika mahali nikawa nahesabu vidonge mara mbili? Nikadhani labda nina wazimu, namwaga dawa na sijui."

Akampigia dada yake. Odessa alifika Jumatano, bado amevaa koti la udereva wa basi la shule, akabaki mlangoni bila kumtazama kaka yake. Akamwambia Verna aseme yeye, maana ya Marlon alishayasikia. Verna akasema. Alipomaliza, Odessa akaketi.

"Miezi mitano nimemwita mwizi," akasema. "Siku ya Pasaka nilimfukuza mezani mbele ya watoto wangu. Nimwambie nini sasa?" Kisha sauti ikabadilika. "Hiyo kamati inakaa saa ngapi?"

Alhamisi Odessa aliingia kwenye kikao cha kamati bila kualikwa, na karatasi za zamu za kiwanda cha mikate za miaka miwili. Watu wa kamati, ambao kwa kawaida humaliza mgonjwa mmoja kwa dakika kumi, walikaa naye karibu saa nzima. Wakamrudisha Marlon kwenye orodha. Foleni ya kundi lake la damu ni miaka minne, mitano. Neno mtoro halikuondolewa jaladani; chini yake waliongeza mstari kwamba kumekuwa na utata kuhusu saa za vipimo. Hakuna aliyemwomba radhi. Odessa alitoka akasema kwa mtu yeyote aliyekuwa karibu, "Sina jingine la kumpa."

Ijumaa wakala akampigia Verna: mkataba hauongezwi. Akamaliza zamu, akaenda moja kwa moja kwa Trudy. Hakugonga.

"Mna watu mia nne wenye mafigo ya kupewa," akasema. "Wangapi wanafanya kazi usiku?"

Trudy akatazama skrini yake. Akasema hilo si jambo ambalo kwa kawaida wanaliandika.

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza wangapi."

Verna akavuta simu ya mezani upande wake, akageuza skrini yenye orodha ya majina yao ili aisome vizuri, akaanza kumpigia wa kwanza.