Nyumba Yangu Si Banda la Kuku

Hakuna kitu chini ya jua kinachoweza kunishangaza mimi. Nimelisema hilo miaka mingi, mbele za watu, na sikuwa natania. Shule niliacha darasa la nne nikaenda kuamia ndege kwenye majaruba ya mpunga kule Madibira. Nililala juu ya kichanja na kombeo mkononi, mbu wakinila tangu jioni mpaka jogoo. Baadaye nikabeba magunia. Baadaye nikanunua mashine ya kukoboa, mbovu, nikawa naifungua na kuifunga mwenyewe mpaka ikanielewa. Leo ukifika hapa Chimala ukauliza nyumba yenye madirisha ya vioo vya kusukuma, utaletwa mlangoni kwangu.

Vioo vile nilivileta kutoka Mbeya mjini. Fundi aliniambia, "Mzee, haya madirisha yanakuja na nyavu za mbu."

"Ondoa," nikamwambia. "Nyumba yangu si banda la kuku."

Nilitaka mtu akipita barabarani aone kioo, asione waya.

Binti yangu wa mwisho ameolewa Mafinga, kwenye baridi, watu wanalala na sweta. Alipopata nafasi chuo cha ualimu huku Mbeya, kikwazo kikawa mtoto wake wa kike, mwaka mmoja na nusu. Mume ni dereva wa malori, leo yuko huku kesho yuko mpakani. Nikasema mlete kwetu. Mama mkwe wake akatia mdomo: mtoto wa milimani hakai bondeni, atadhurika. Wakakubaliana mtoto ajaribiwe wiki mbili. Akidhurika anarudi Mafinga, na mama yake anaacha chuo amlee.

Nilikasirika sana. Shule yangu mimi ililiwa na ndege. Ya binti yangu isingeliwa na maneno ya mtu, niliapa hivyo.

Akaletwa na mfuko wa masweta. Jioni ya kwanza tu akanizoea, akawa hatoki mapajani. Mimi namwita mchumba wangu, mke wangu anamwita mke mwenzangu, nyumba ikachangamka.

Asubuhi ya pili nikasikia mke wangu akiita chumbani, "Njoo uone mke mwenzangu alivyoharibiwa sura!"

Jicho la kushoto lilikuwa limefumba kabisa, kope imeumuka kama andazi. Mkono umejaa mpaka vifundo vya vidole vimepotea.

"Nyuki hao," nikasema.

"Mbu hao, baba," mke wangu akasema.

"Mbu gani wa kumfumba mtu jicho? Ana ngumi ya bondia?"

Nikachukua ngazi, nikapanda darini na moshi wa matambara kutafuta mzinga. Nilitafuta mpaka macho yangu mwenyewe yakawa mekundu. Sikukuta nyuki hata mmoja, nilikuta kinyesi cha popo. Ndipo tukampeleka zahanati.

Nesi alimpima malaria, hana. Akamgeuza huku na huku, akaangalia ulimi, akasikiliza pumzi. "Ni mbu, baba. Mtoto huyu ametoka wapi?"

"Mafinga."

"Basi. Ngozi yake haijamjua mbu, ndiyo maana inapiga kelele hivi. Watoto wengine wako hivyo. Mkandeni kwa kitambaa cha maji baridi, mkateni kucha asijikune akapata vidonda, na dawa hii ya maji mpeni kwa kipimo nilichoandika. Akivimba midomo, akipumua kwa shida, au akipata homa, msingoje kesho. Na alale kwenye chandarua. Mnacho?"

"Kipo," nikajibu haraka kabla mke wangu hajafungua mdomo.

Neno lililobaki kichwani mwangu ni moja tu: haijamjua. Kama haijamjua, nikasema, itamjua. Mche wa mpunga ukiutoa kitaluni kuupeleka jarubani hulegea siku mbili tatu, kisha husimama. Nani asiyejua hilo? Jicho lilipofunguka, jioni moja mke wangu akiwa msibani, nikakaa barazani na mchumba wangu mapajani, miguu yake wazi. Nikawaona mbu wakitua. Nikajiambia watatu wanatosha kumzoeza.

Asubuhi mguu wa kulia ulikuwa umevimba kutoka kwenye kifundo mpaka gotini, wa moto, na lengelenge la maji kubwa kama punje ya hindi. Ukiugusa analia. Kusimama hawezi. Nikanyoosha mikono nimbebe, akanigeuzia kisogo, akamng'ang'ania bibi yake shingoni.

"Umemfanya nini?" mke wangu akauliza.

Nikamwambia. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Mdogo wako mliyekuwa mnaamia naye," akasema, "yule mliyemzika kulekule kwa homa. Yeye naye alizoea?"

Miaka thelathini na zaidi nimesimulia habari za kichanja kile, kwenye mashine, kwenye harusi, kila mahali. Mdogo wangu sijawahi kumtia kwenye simulizi.

Wao wakarudi zahanati, mimi nikatoka nje. Nyuma ya jiko kulikuwa na vifaranga vya mke wangu, vimelala vizuri ndani ya chandarua. Chandarua cha serikali, kipya, nilikifunga pale mwenyewe kwa mikono yangu ili mwewe asivifikie, nikisema mimi silali ndani ya shuka kama maiti. Nikavitazama. Hakuna hata kimoja kilichovimba.

Nikakifungua chandarua palepale. Nikakifua mwenyewe, nikakianika kivulini, nikakitia viraka. Nikapindua ndoo zote, nikafunika pipa, nikatoa matairi mabovu yaliyokuwa yakikusanya maji nyuma ya mashine. Kisha nikampigia fundi simu. Alikuja siku iliyofuata na nyavu, na mdomo pia.

"Mzee, leo tunajenga banda la kuku?"

"Fanya kazi."

"Kuku wenyewe wangapi?"

"Mmoja. Na anakuzidi thamani wewe na vioo vyako."

Jumamosi binti yangu alikuja kutoka chuoni. Uvimbe ulikuwa umeshuka, lakini alama zilionekana, na mtoto alikuwa bado anachechemea kidogo. Ningeweza kusema nyuki. Mke wangu alinitazama, akaniachia mwenyewe.

"Ya kwanza ni mbu," nikasema. "Ya mguuni ni mimi." Nikamweleza yote, barazani pale, mpaka habari ya mche wa mpunga.

Aliingia ndani akachukua ule mfuko wa masweta. Nikajua chuo kimekwisha. Lakini hakuja nao mlangoni. Nilimsikia akipita chumba kwa chumba, akisukuma vioo, akibonyeza nyavu kwa kidole. Akainua godoro kuona kama chandarua kimechomekwa. Kisha sauti yake ikatokea kwenye korido.

"Baba, dirisha la choo limesahaulika."

"Fundi atarudi Jumatatu."

"Nikija Jumamosi nitalikuta tayari?"

"Utalikuta."

Nikasikia mfuko ukiwekwa chini.

Sasa binti yangu yuko mwaka wa pili chuoni. Mchumba wangu, mbu bado humpata mara mojamoja, na akivimba siku hizi tunajua la kufanya. Ilimchukua siku tisa kurudi mapajani kwangu, nilizihesabu. Wapita njia wanaona waya, na waone. Kwa madirisha saba na la choo nimelipa shilingi laki mbili, elfu themanini na saba na mia tano, na vifaranga viwili vilivyochukuliwa na mwewe.