Kumhasi Tumhasi, Kucha Tumwachie

Kule Saudia nililea watoto wa watu na nikalea paka, na aliyenikosesha usingizi ni paka. Watoto walikuwa na mama yao. Paka alikuwa na mimi tu.

Tulikuwa Riyadh, mtaa wa Murabba, ghorofani. Miaka ile ndiyo tuliyokuwa tukitoka Mombasa makundi kwa makundi, ndege nzima wanawake watupu, kila mtu na bahasha ya karatasi zake amekumbatia kifuani. Mimi nilikuwa mkubwa kuliko wenzangu, mvi zishaingia, ajenti akanambia nizitie piko nionekane kijana. Nikatia. Lile piko lilinitoka siku ya kwanza nilipoosha nywele, na madam akaanza kuniita mama tangu siku hiyo. Lakini hiyo si habari ya leo.

Habari ni kwamba dereva wetu, Mkenya mwenzangu wa Nairobi, asubuhi moja aliwasha gari akasikia kilio ndani ya boneti. Akazima mbio. Akatoa humo kipaka rangi ya chai ya maziwa, kimejaa grisi, kinamfyonya yeye aliyekiokoa. Watoto wakalia wanakitaka. Madam akasema sawa, lakini mama ndiye atakayekiangalia. Mama ni mimi.

Nikakiangalia. Kikakua kikawa dume, kikanizoea hata nikipika kinakaa juu ya mguu wangu. Sasa kilipopata nguvu kikagundua majlisi. Majlisi ni chumba cha wageni, viti vya chini vimezunguka ukuta mzima, kitambaa chekundu cha kung'aa, mito mikubwa. Paka akaona ameandaliwa yeye. Anajinyoosha, anachomeka kucha, anavuta, kraa! Nami kazi yangu ikawa sindano na uzi.

Madam alivumilia, kisha akachoka. Rafiki yake alikuwa na paka mweupe wa manyoya marefu, ametolewa kucha, amekaa kama pamba juu ya kiti, hana kosa na mtu.

"Tukienda Jeddah kwa Idi, huyu namhasi," madam akasema. "Na kucha namtoa siku hiyo hiyo. Halas."

Ya kuhasi sikupinga. Baba yangu alikuwa na mbuzi, na beberu usipomhasi mapema nyama yake hailiki kwa kunuka, na jirani hakusalimii. Lakini kucha! Kwetu hakuna mtu aliyewahi hata kuwaza. Na mimi nilikuwa nikiijua nyumba ya Jeddah tunayokwenda. Ni ya mama yake madam, sote tukimwita Hajja, nyumba ya zamani mtaa wa Hindawiya, na juu ina sakafu wazi ya kuanika nguo. Huko juu kuna mapaka dume ya mtaa, masikio yameliwa nusu, macho mekundu, hata mimi nikipanda na beseni napiga hodi. Paka wetu akitoroka akapanda kule hana kucha, atapigana na nini? Atakimbilia ukuta gani, aushike na nini? Nilimwona ameshakufa.

Na kusema sikuweza. Viti si vyangu, paka si wangu, ningeonekana nathamini mnyama kuliko mali ya watu.

Tukaondoka na gari, safari ya jangwa kutwa nzima. Bosi, mumewe madam, alibaki, angekuja na ndege. Dereva mbele, sisi nyuma, paka kwenye kikapu magotini kwangu. Dereva aliposikia mipango ya madam akapinda shingo.

"Mathe," akanambia kwa Kiswahili, "mwambie huyu madam amwachie jamaa vitu vyake, bana. Amekosea nani?"

"Wewe tazama barabara."

"Mimi nitawapeleka kwa daktari, lakini ndani siingii. Nitafunga vioo, niweke redio."

"Anasema nini?" madam akauliza.

"Anasema njia ni ndefu, madam."

Tulipofika, Hajja alimbeba paka akamgeuzageuza kama anayenunua papai.

"Ana miezi mingapi?"

"Mitano na kitu," madam akasema.

"Huyu mtoto! Mwacheni aoe kwanza. Apate watoto, ndipo mumkate."

"Mama, dume akikomaa anakojolea kila kitu. Atakojolea mito yote."

"Baba yako alikomaa, akaoa. Alikojolea mto gani?"

Nilitoka nikaenda kuchekea jikoni. Kwa hiyo kukawa na kambi mbili, ya sasa hivi na ya aoe kwanza, na wakabishana juu ya chai na juu ya wali. Juu ya kucha hawakubishana. Hajja naye alivipenda viti. Kucha zilikuwa zimeshahukumiwa, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikiziombea.

Siku ya kuamkia Idi, baada ya alasiri, nikawatia hina. Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nikiifanya kwa raha, kwa sababu nikishika mkono wa mtu, mtu huyo anakuwa wangu mpaka hina ikauke. Madam alitaka maua ya kuchorwa kwa koni. Hajja akakataa, maua ni ya wasichana, mwanamke mwenye nyumba yake anatiwa hina ya kizamani: ncha za vidole zinafunikwa zote, mpaka kwenye kiungo cha kwanza, kama kila kidole kimevaa kofia. Mama mtu akisema, madam hanyanyui mdomo. Nikawatia wote wawili. Wamekaa wamenyoosha mikono mbele, vidole vimetengana, hawawezi hata kujikuna pua.

Simu ya madam ikalia.

"Mama, nishikie!" akanambia mimi.

Nikaibonyeza, nikaiweka sauti juu, nikamshikia. Alikuwa daktari wa wanyama, Msudani, sauti ya polepole, anataka kujua habari za mgonjwa kabla hajampangia siku.

"Mapumbu yake yameshashuka?" akauliza.

Madam akamwangalia mama yake, akaniangalia mimi. Neno kama hilo hawezi kulijibu mbele ya Hajja. Akanionyesha paka kwa kidevu. Nikainua mkia.

"Yapo, daktari. Yote mawili."

"Mashaallah," Hajja akasema.

"Basi msingoje aanze kukojolea kuta," daktari akasema. "Akianza, wengine hawaachi hata ukiwahasi. Mleteni Idi ikipita."

Hajja akasonya. Kambi yake imeshindwa.

"Na kucha?" madam akauliza. "Nataka uzitoe zote, siku hiyo hiyo."

Daktari akamweleza.

"Dada, kucha ya paka haitoki peke yake. Imeota kwenye mfupa. Kuitoa ni kukata kidole."

"Kidole chote?"

"Mpaka kiungo cha kwanza. Angalia cha kwako. Kutoka nchani, pale kinapojikunja mwanzo. Hapo."

Madam akaangalia. Vidole vyake viko mbele ya uso wake, vimesimama, na kila kimoja kimekolea hina mbichi mpaka pale pale, kwenye mkunjo, si zaidi si pungufu. Maana mimi nilikuwa nimepima vizuri. Hajja naye akavitazama vyake. Mimi nimeshika simu, naogopa hata kukohoa, na paka yuko katikati ya zulia anajilamba alipoinuliwa mkia.

"Vyote hivi?" madam akauliza, sauti imekuwa ndogo.

"Vya miguu ya mbele vyote."

"Mafi," akasema, yaani hakuna. "Kucha mafi, daktari. Usimguse kucha."

"Afadhali. Mnampunguza ncha tu, na mpeni kitu chake mwenyewe cha kuparura."

"Apewe gunia la mchele," Hajja akasema. "Na kuoa je?"

"Mama!"

Mimi nikamwambia daktari ahsante kama ndiye baba yangu, nikamkatia simu kabla mtu hajabadilisha mawazo.

Idi ikapita tukampeleka. Dereva alikaa kwenye gari na vioo vyake juu kama alivyoahidi. Paka alirudi amelewa dawa, anatembea upande, akamkwaruza dereva mkono alipotaka kumpa pole. Mimi nikafurahi: kumbe zipo.

Toka hapo kazi ya kumpunguza ncha madam hakuniachia. Ati mkono wangu mzito. Alikuwa akivaa miwani, anamkalisha paka juu ya mapaja, anamminya kidole mpaka ukucha utoke, anasema bismillahi, anakata kinywele tu, anapumua, anakwenda kingine. Wageni wakija wakamkuta hivyo, anawaambia wangoje.