Neno Alilolisema Kuwabara

Fusae wangu alikufa asubuhi, chai yake ikiwa bado ya moto. Kabla ya adhuhuri Kuwabara, mwenyekiti wa kijiji, alimtangaza kwenye kipaza sauti. Hakusema amekufa. Alisema "seikyo".

Hilo ni neno la kifo cha mtu wa kuheshimiwa. Watu wa nje ndio hulisema. Mfiwa halisemi, maana kumkweza mtu wa nyumbani kwako mbele ya wageni ni kujisifu. Wako amekufa, basi.

Sauti yake ilipita juu ya mitufaha yangu yote. Niliisikia nikiwa nimepiga magoti kando ya Fusae.

Kuwabara alimposa kabla yangu. Fusae akanichagua mimi, niliyeacha shule nikachume matufaha. "Yule anaongea kama redio," alikuwa akisema, akicheka. Nilipenda sana akisema hivyo. Sasa redio ndiyo iliyompa neno zuri. Mimi nimebaki na "amekufa", neno la ng'ombe.

Siku ya arobaini na tisa, tunapohitimisha matanga, mtawa alimaliza sala, jamaa na majirani wakasubiri shukrani zangu. Binti yetu Chizuru alikuwa amenifundisha.

"Baba, sema, mke wangu alipokufa mlitusaidia. Usiongeze kitu."

Kuwabara alikuwa mstari wa mbele, anajifuta machozi.

"Analia kuliko mfiwa," nikanong'ona.

"Baba! Watu wanasikia."

"Wasikie. Leso yenyewe imepigwa pasi."

"Simama useme, tafadhali."

Nikasimama. Maneno niliyofundishwa nilikuwa nayo mdomoni. Kisha nikaona leso inapanda tena machoni pake.

Nikasema kwa sauti, "Mke wangu Fusae, seikyo yake..."

Mama mmoja akacheka ndani ya mkono wa kimono, akajifanya anakohoa. Chizuru akanivuta suruali.

"Baba, hilo si letu kulisema."

"Ni la mama yako," nikamjibu. "Na mimi ndiye niliyeishi naye."

Kuwabara akaweka leso chini. Akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Wengine wakamfuata, hata yule aliyecheka.

Wote waliinuka. Yeye alibaki palepale, mabega yakitetemeka.

Neno nilikuwa nimelipata. Lakini nilimwonea wivu tena. Yeye alikuwa na pa kuficha uso, mimi nimesimama.