Tone la Zebaki Lilivyomtia Mke Wangu Wizini

Mjinga ni mimi, tusitafute mwingine. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa mwalimu wa sayansi huku kwetu Mtwara, kijana, najiona nimekula chumvi nyingi kumbe hata kuonja bado.

Nilikuwa na kichupa cha zebaki na sumaku nene niliyoichomoa kwenye trekta bovu. Sumaku haivuti zebaki. Lakini tone likiwa mbioni kwenye mfereji wa ubao, likipita juu ya sumaku, umeme unazaliwa ndani yake na kulikokota nyuma. Linatambaa kama limechoka.

Mwenyekiti wa kijiji aliliona darasani. Akaniuliza, "Mwalimu, linaogopa waongo hilo?"

Nikaitikia kwa kichwa. Mzaha tu, jamani.

Basi nikawa mahakama. Wanaotega kazi ya shamba la kijiji waliletwa mezani, nami chini ya meza nainua sumaku kwa goti. Mzee mmoja alikiri hata mambo ya ujana wake ambayo hakuna aliyemuuliza. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Somoe, mke wangu, hakucheka. "Baba Hadija, acha mchezo huo. Utakutokea puani."

Mbegu za mahindi za kijiji zikapotea. Mwenyekiti akaamuru kila aliyeshika ufunguo wa ghala apimwe, na Somoe alikuwa mmojawapo. Zamu yake ilipofika nikashusha goti. Sumaku haikushuka. Ilikuwa imeng'ang'ania msumari chini ya meza, nikaivuta wee, wapi. Tone likatambaa mbele ya kijiji kizima.

"Mwalimu, limesemaje?" Mwenyekiti akauliza.

Somoe akanitazama. Neno moja tu lingetosha: sumaku. Lakini ningelitamka, wale wote niliowaaibisha wangenigeukia. Niliogopa.

Nikasema, "Tone halijui mke wala jirani, Mwenyekiti."

Jioni ile ile Somoe alimfunga binti yetu Hadija mgongoni akaenda kwao, kijiji cha Ziwani. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Wiki haikuisha, mbegu zikakutwa ghalani humo humo, chini ya magunia ya mbolea; watu wakasema mwizi kaliogopa tone, kazirudisha. Nikatimua mbio hadi Ziwani, nikapiga magoti uani kwa wakwe, nikaeleza yote, sumaku na msumari. Somoe alikuwa anamenya muhogo, wala hakuacha.

"Wanakijiji walidanganywa," akasema. "Wewe ulijua."

Talaka aliidai mwenyewe, nikaitoa. Hadija alipoposwa niliombwa idhini kwa barua, nikaijibu kwa barua. Mkwe wangu simjui sura.

Nyie wenye vielimu vyenu, mnaojua kilichofichwa chini ya meza, siku mkiulizwa semeni. Mtazomewa, mtachekwa, mtaitwa matapeli. Yote hayo yanapita, na usiku mtalala na wake zenu.

Mimi nilinyamaza, na kijiji kiliniheshimu mpaka nastaafu.