Hisa za Adolphe kwa Jina la Kasim

Adolphe hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Alitoka Kivu Kusini kwa miguu, akafungua shamba Juru, hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na maharage yake yalijulikana hadi Mbarara. Lakini mwaka 2012, redio iliposema kampuni kubwa ya simu inataka kuimeza ile ndogo, alikosa usingizi.

Alikuwa na hisa katika hiyo ndogo. Mavuno ya miaka kadhaa yalikuwa humo, nayo ndiyo yangemsomesha binti yake Eliane uuguzi. Ila kwenye maandishi hakuwa na kitu. Waliouza hisa walikataa karatasi yake ya ukimbizi, hivyo zikaandikwa jina la Kasim, mnunuzi wake wa maharage pale Mbarara. Walipeana mkono, basi. Sisi majirani tulimwambia huo ni wazimu. Akajibu kwamba Kasim ni mtu. Na kweli alikuwa mtu, hilo silipingi.

Wenye hisa wadogo walinong'ona kwamba bei iliyotajwa ni ya kutupa. Adolphe akaenda dukani kwa Kasim.

"Usisinye ile karatasi ya kuuza, ndugu yangu. Bale bakubwa batatumeza siye badogo."

"Mzee, wacha kuogopa," Kasim akasema, akijifuta jasho lisilokoma. "Bila wewe mimi hapana weka saini. Mimi iko."

Adolphe hakulipenda lile jasho. Alilifikiria njia nzima.

Ijumaa ya wiki ileile Kasim alianguka dukani, akafa. Adolphe aliwahi maziko. Waislamu hawataki marehemu wao aingie kaburini na deni, hivyo Hamim, mwanawe mkubwa, alisimama mbele ya jeneza akauliza, "Nani anadai mzee wetu? Aseme sasa, tulipe."

Kwetu Kivu, kutaja mali mbele ya maiti ni aibu. Adolphe akainamisha kichwa, akanyamaza. Heshima gani hiyo, Mungu wangu! Ningekuwepo ningemsukuma.

Alingoja arobaini ipite, ndipo akamwendea Hamim. Kampuni zilikuwa zimeshaungana, hisa zimeuzwa, warithi wamegawana. Hamim alimkaribisha chai, akamsikiliza hadi mwisho.

"Tuliuliza mbele ya watu wote, Mzee, na wewe ulikuwa hapo," alisema taratibu. "Kama mali ilikuwa yako, kwa nini uliacha baba yangu azikwe na deni?"

Adolphe alimaliza chai, akaaga. Alipofika Juru, alimwambia Eliane achukue jembe.