Mbwa wa Udongo Niliyemwosha

Siku yangu ya kwanza kazini, Mhifadhi Mkuu alinikabidhi brashi laini ya manyoya na onyo moja: "Hapa hatutumii maji mpaka mimi niseme." Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili, katika bohari ya jumba dogo la makumbusho jijini Washington. Nilikuwa nimechoka kuegesha magari ya wageni wa hoteli kule Alexandria, ng'ambo ya mto, wakaniajiri kuwa msaidizi wa uhifadhi. Niliitikia kwa heshima, moyoni nikacheka. Mama yangu alikuwa mfinyanzi wa Upareni. Huyu angenifundisha nini juu ya udongo?

Tulitunza wanyama wa udongo wa kuchoma kutoka China. Zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, enzi ya Han, tajiri alizikwa na nguruwe, kuku na mbwa wa udongo, pengine na banda lao, ili huko aendako asikose kitu: mbwa alinde, nguruwe aliwe. Mafundi waliwatoa kwenye kalibu vipande viwili, wakaviunganisha, wakavichoma. Rangi ilipakwa baada ya tanuru, juu ya tabaka jeupe, kwa hiyo haikushika sana. Hilo la mwisho Mhifadhi alilieleza vizuri tu, ila mimi nilisikiliza kwa sikio moja.

Asubuhi moja nilipewa mbwa mwenye tope lililoganda kifuani. Brashi ilinichosha. Kwetu chungu kilichoiva hakiogopi maji, basi nikachukua ndoo ya Mama Furaha, nikalowesha kitambaa. Tope lilitoka, na ukanda mwekundu wa shingoni ukatoka nalo, pamoja na jicho moja. Nilirudisha ndoo na maji yake mekundu mahali pake, nikaenda kunywa chai.

Mama Furaha, mkimbizi kutoka Bukavu, ndiye aliyesafisha sakafu. Aliishi Bladensburg na watoto watatu. Kiingereza kilikuwa bado kinamsumbua, na mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wake.

Mhifadhi aliiona ndoo, akatuita wote wawili mbele ya wafanyakazi wenzetu. "Muulize kwa nini amemwosha mbwa."

"Kaka Hamza, umuambie mi sikugusa ile imbwa hata kidogo," alisema Mama Furaha. "Mi napangusaka chini tu. Niko na batoto, kaka."

Nilimgeukia Mhifadhi. Nikasema kwa Kiingereza changu kizuri: "Anaomba radhi. Anasema hakujua."

Kesho yake Mama Furaha hakuja kazini. Wala hakurudi tena.

Mimi nilibaki miaka mingi, nikapandishwa cheo mara mbili. Siku ya kuniaga, Mhifadhi alisimama akaniita mtu mwaminifu, nami nikatazama viatu vyangu. Naona haya hata kuyaandika haya. Vijana wakiniuliza siri ya kazi, huwaambia watumie brashi kavu na waulize kabla ya kugusa. Juu ya ulimi sijawaambia kitu.

Baada ya kustaafu nilitafuta namba ya Mama Furaha kwa Wakongomani wa kanisani kwake. Nikampigia, nimejiandaa kukiri.

"Kaka Hamza!" alipaza sauti kwa furaha. "Siku ile bote balinyamaza, ni weye tu ulinisemea kwa chef wa kazi. Kila siku natiaka jina yako mu maombi."

Nikamjibu, "Amina."